Muziki wa kwanza wa solo kwa tarumbeta la vali

Mpiga tarumbeta akiombwa ataje tunzi kubwa za solo za chombo chake, mara nyingi huanza na koncheto (utunzi wa chombo kimoja kinachosindikizwa na okestra) ya Joseph Haydn ya mwaka 1796, akafuatisha ile ya Johann Nepomuk Hummel ya mwaka 1803, kisha akaruka moja kwa moja hadi karne ya 20. Takriban miaka mia moja iliyo katikati huachwa kama shamba lisilolimwa, na wapo wanaosema waziwazi kwamba hapakuwa na kitu humo zaidi ya michezo ya vidole. Mimi sikubaliani na maoni hayo. Naamini kwamba muziki wa mwanzo wa tarumbeta la vali, yaani lile lenye vitufe vinavyorefusha bomba na kubadili sauti, umehukumiwa kwa kosa la kutoandikwa na watu mashuhuri, ilhali thamani yake imo hasa katika jambo hilohilo: uliandikwa na wapigaji na walimu, watu walioshika chombo kipya mikononi na kujiuliza kila siku kinaweza kusema nini.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja unaojitokeza kila mara. Haydn na Hummel hawakuandika kwa ajili ya tarumbeta la vali. Wote wawili walimwandikia Anton Weidinger wa Vienna, aliyekuwa na tarumbeta lililotobolewa matundu ubavuni, na kila tundu likafunikwa kwa kifuniko kilichofunguliwa kwa kidole. Kifuniko kikifunguliwa, hewa inakatishwa njiani na sauti inapanda. Weidinger aliipiga koncheto ya Haydn mbele ya watu huko Vienna tarehe 28 Machi 1800, na ile ya Hummel katika mwaka mpya wa 1804. Zilikuwa kazi za ajabu kwa wakati wake, lakini tarumbeta la matundu lilikuwa na udhaifu usiotibika, kwani sauti inayotokea tunduni haiwi na mng'ao sawa na ile inayotoka mdomoni mwa bomba. Noti moja ilisikika angavu, jirani yake ikasikika kama imefunikwa kwa kitambaa. Chombo hicho hakikudumu, na tunzi zake zikabaki bila warithi wa karibu.

Wale tuliojifunza kuimba kwa do-re-mi tunaweza kuelewa kwa urahisi vali zilileta nini. Bomba la shaba lisilo na vali halitoi ngazi nzima ya muziki. Linatoa sauti zake za asili tu, na sauti hizo zimeachana sana huku chini na kukaribiana kadiri zinavyopanda. Kuanzia chini, ukiacha ile ya kwanza ambayo ni nzito mno, tunapata do, kisha so, kisha do ya juu, mi, so, kisha ti iliyolegea isiyofaa kwa nyimbo nyingi, kisha do nyingine, na baada ya hapo ndipo re na mi zinapokaa bega kwa bega. Ndiyo maana wapigaji wa enzi za Bach walilazimika kuishi juu kabisa, kwenye orofa ambako noti zinafuatana, na ndiyo maana tarumbeta la jeshi chini huko lingeweza kutoa milio ya kuamsha askari lakini si wimbo wa kubembeleza mtoto.

Pengo kubwa kuliko yote katika mpangilio huo ni lile lililo kati ya do ya chini na so iliyo juu yake. Ndani ya pengo hilo kuna noti sita zinazokosekana, ukihesabu kwa nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa ya ngazi yetu ya muziki. Vali ya pili hurefusha bomba kiasi cha kushusha sauti kwa nusu toni moja, ya kwanza huishusha kwa mbili, na ya tatu kwa tatu. Ukiziunganisha kwa zamu, unashuka nusu toni nne, tano, na hatimaye sita ukibonyeza zote tatu pamoja. Pengo limezibwa lote, bila noti hata moja kuzidi wala kupungua, na kila mahali pengine kwenye ngazi mapengo ni madogo zaidi. Hesabu hii naipenda sana. Kila ninapowafundisha vijana wa kundi letu la matarumbeta kanisani, naanza na so kwa vali zote zikiwa wazi, kisha nawashusha hatua kwa hatua hadi kwenye noti iliyo juu kidogo ya do, ili wasikie kwa masikio yao kwa nini vali ni tatu.

Wazo lenyewe lilizaliwa Prusia. Mwishoni mwa mwaka 1814 Heinrich Stölzel, mpiga pembe ya shaba aliyekuwa akitumikia huko Silesia ya Juu, alimwandikia mfalme Friedrich Wilhelm III kumweleza uvumbuzi wake. Mwenzake Friedrich Blühmel, aliyetoka katika bendi za wachimba migodi, naye alidai kuwa wazo hilo ni lake, na mwaka 1818 wakapata hataza ya pamoja mjini Berlin kwa miaka kumi. Vali za mwanzo zilikuwa mbili tu, na hewa ilikunjwa kwa kona kali humo ndani, kiasi kwamba chombo kilihisi kizito kupuliza. Vali ya tatu ilifuata baada ya muda mfupi. Mafundi wa Vienna wakatengeneza mfumo wao: Joseph Riedl na Josef Kail walipata haki ya vali za bomba pacha mwaka 1823, na mwaka 1835 Riedl akaleta vali ya kuzunguka, ambayo hadi leo ndiyo inayopendwa katika okestra nyingi za Ujerumani na Austria. Vali ya pistoni tunayoishika sisi ni ya François Périnet wa Paris, ya miaka michache baadaye.

Jina la Kail lisipite haraka, kwa kuwa kwake ndiko muziki ninaouzungumzia unakoanzia. Alikuwa mpiga pembe mwenye asili ya Bohemia, na mwaka 1826 aliajiriwa katika chuo cha muziki cha Prague kufundisha pembe na tarumbeta za vali, wakati ambapo sehemu kubwa ya Ulaya bado ilivitazama vyombo hivyo kwa mashaka. Mwaka uliofuata, 1827, aliandika variesheni za tarumbeta katika F, yaani utunzi unaochukua wimbo mmoja na kuurudia kwa sura mpya kila mara, na kazi hiyo imo miongoni mwa tunzi za kale kabisa za solo za tarumbeta la vali zinazojulikana. Mkuu wake, Friedrich Dionys Weber, aliyeongoza chuo hicho tangu kilipofunguliwa mwaka 1811, naye aliandika variesheni za tarumbeta. Kwa hiyo tuna mvumbuzi aliyeshiriki kuunda vali, akafundisha vijana kuzitumia, kisha akawaandikia cha kupiga. Na tuna mkuu wa chuo aliyeunga mkono jambo hilo kwa kalamu yake mwenyewe.

Kwa nini variesheni? Wakosoaji wanasema ni kwa sababu waandishi hawa hawakuwa na uwezo wa kuandika kitu kirefu zaidi. Mimi naona sababu iko wazi na ni ya heshima. Msikilizaji wa Prague wa mwaka 1827 alikuwa amezoea kusikia tarumbeta likitoa do, mi na so pamoja na ngoma. Ukimwekea mbele yake wimbo anaouweza kuufuata, kisha ukaurudia huku tarumbeta likiteremka kwa nusu toni mahali ambapo jana lingekaa kimya, anatambua mara moja kitu gani kimebadilika duniani. Umbo la variesheni linampa kipimo. Katika mwonekano wa kwanza wa wimbo anasikia tarumbeta likiimba katika sauti ya kati, jambo ambalo peke yake lilikuwa jipya. Katika marudio yanayofuata anasikia mbio, miruko, na zile hatua ndogondogo za kromatiki ambazo tarumbeta la asili halikuweza kuzigusa. Huo ni ushahidi uliopangwa vizuri, na mtunzi wake alijua anamthibitishia nani.

Kuna jambo jingine ambalo wapigaji wa leo hulisahau wanapozishika kurasa hizo. Tarumbeta la Kail lilikuwa katika F, lenye bomba refu la karibu mita mbili, ilhali tarumbeta letu la kawaida la B-flati lina kama mita moja na nusu hivi. Tofauti hiyo si ya hesabu tu. Katika bomba refu, noti ileile inayosikika iko juu zaidi kwenye orodha ya sauti za asili, mahali ambapo sauti zimebanana, na mdomo ukikosea kidogo unaangukia noti ya jirani. Kwa upande mwingine, bomba refu linatoa sauti pana yenye uzito, na hata likipigwa kwa upole halipotezi hadhi yake. Kipande kinachosikika chepesi na cha kitoto kwenye chombo chetu kifupi kinapata uso mwingine kabisa kikipigwa kwenye F ndefu: mbio zinakuwa za hatari, wimbo unakuwa mpana, na msikilizaji anahisi kwamba mpigaji anafanya kazi. Nimesikiliza rekodi za wapigaji waliorudi kwenye vyombo vya zama hizo, na tangu hapo sikuweza tena kuuita muziki huo mwepesi.

Ugumu wa pili uko kwenye vali zenyewe. Urefu wa bomba dogo la kila vali umepimwa kwa ajili ya kutumika peke yake. Ukibonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja, bomba zima limekwisha refuka, na vipande hivyo viwili havitoshi tena. Sauti inapanda juu ya pale inapostahili. Ukibonyeza zote tatu, kosa linazidi. Matarumbeta ya kisasa yana pete kwenye bomba la vali ya tatu ili mpigaji alivute kwa kidole na kusahihisha. Mpigaji wa wakati wa Kail alisahihisha kwa mdomo, na mtunzi aliyekuwa mpigaji alijua ni noti gani haifai kushikiliwa muda mrefu mbele ya watu.

Paris ilipata habari kwa njia ya Berlin. Mtunzi Gaspare Spontini, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la mfalme wa Prusia, alituma vyombo vya vali Ufaransa mnamo mwaka 1826, na tarumbeta moja likafika mikononi mwa François Georges Auguste Dauverné. Mwaka 1827 Dauverné alilitumia katika opera ya Hippolyte Chélard iitwayo Macbeth. Alikuwa kijana bado, na alielewa upesi kwamba chombo bila mafundisho ni chuma tu. Aliandika maelezo ya namna ya kukitumia, na mwaka 1833 akawa profesa wa kwanza wa tarumbeta katika chuo cha muziki cha Paris, kazi aliyoifanya kwa miaka zaidi ya thelathini. Kitabu chake kikubwa cha mafundisho kilitoka mwaka 1857, na ndani yake tarumbeta la asili na la vali yanafundishwa yote mawili, kwa kuwa Dauverné hakuona sababu ya kulidharau la zamani ili kulisifu jipya.

Chuo cha Paris kilikuwa na desturi ya kuwashindanisha wanafunzi kila mwaka, na mashindano yalihitaji vipande vya kupigwa. Dauverné aliviandika mwenyewe. Vipande hivyo vya mtihani vina mantiki yake: mwanzo wa fahari unaomwachia mpigaji aonyeshe sauti, katikati penye uimbaji mtulivu, na mwisho wa kasi unaopima ulimi na vidole. Anayevidharau kwa kuwa ni vya mtihani akumbuke kwamba desturi hiyohiyo, zamani za profesa wa baadaye Merri Franquin, ilizaa kazi ya George Enescu ya mwaka 1906 iitwayo Légende, ambayo leo kila mpiga tarumbeta makini huikuta njiani. Mstari kutoka kwa Dauverné hadi kwa Enescu umenyooka, na haukukatika.

Hata hivyo, ni kweli kwamba umma wa Paris uliipenda zaidi korneti, ndugu mdogo wa tarumbeta. Korneti ilipewa vali mnamo mwishoni mwa miaka ya 1820, na kwa kuwa bomba lake ni fupi na linapanuka taratibu, iliitikia haraka na kuwasamehe wapigaji makosa mengi. Jean-Baptiste Arban, aliyezaliwa Lyon mwaka 1825, alikuwa mwanafunzi wa Dauverné katika darasa la tarumbeta, na alipata tuzo ya kwanza mwaka 1845. Kisha akageukia korneti na kuifanya ishindane na filimbi na fidla kwa wepesi. Kitabu chake cha mwaka 1864 kimebaki msingi wa wapiga vyombo vya shaba duniani kote, na mwishoni mwake kuna fantasia na nyimbo zenye variesheni, pamoja na ile maarufu ya Kanivali ya Venice. Sisi wapiga tarumbeta tumeurithi muziki huo, nami naupiga kwa furaha, lakini naona ni haki kukumbuka kwamba mwalimu aliyemfundisha Arban kupuliza alikuwa mtu wa tarumbeta.

Watunzi wakubwa wa karne hiyo walikaa pembeni. Mendelssohn, Schumann, Brahms na Tchaikovsky hawakutuandikia koncheto hata moja. Schumann aliipa pembe ya vali kipande kizuri sana mwaka 1849, na Schubert aliwahi kuandika wimbo wa sauti ya mtu, pembe na piano mwaka wake wa mwisho, 1828, lakini tarumbeta likabaki kwenye safu ya nyuma ya okestra. Aliyejitokeza alikuwa Mwitalia, Amilcare Ponchielli, ambaye kabla ya kupata jina kwa opera ya La Gioconda alikuwa kiongozi wa bendi ya mji huko Cremona. Mwaka 1866 aliandika koncheto ya tarumbeta na bendi katika F. Ndani yake kuna opera tupu: tarumbeta linaingia kama mwimbaji jukwaani, linalalamika, linabembeleza, kisha linapaa na mapambo. Kwamba iliandikwa kwa bendi badala ya okestra kunanifurahisha kipekee, kwa sababu bendi ndiyo iliyolitunza tarumbeta la vali wakati kumbi za konsati zilipolisahau, kama ambavyo kwetu Tanzania vikundi vya matarumbeta vya Kilutheri, vilivyotokana na desturi ya wamisionari wa Kijerumani, vimewalea wapigaji wengi ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha muziki.

Mavuno makubwa, hata hivyo, yalipatikana Urusi, na waliovuna walikuwa wahamiaji wa Kijerumani. Willy Brandt, mzaliwa wa Coburg, alikwenda Moscow mwaka 1890 kupiga katika okestra ya Bolshoi, akafundisha katika chuo cha Moscow na baadaye Saratov, na akatuachia vipande viwili vya konsati, opasi (namba za tunzi zake) 11 na 12, vyenye joto na maigizo ya jukwaani. Oskar Böhme, aliyezaliwa karibu na Dresden mwaka 1870, alihamia St Petersburg mwaka 1897. Miaka miwili baadaye ilitoka koncheto yake ya opasi 18, iliyotunukiwa Ferdinand Weinschenk, mpiga tarumbeta wa Leipzig. Kama kuna kazi moja ya karne ya 19 ninayotaka kila mpiga tarumbeta aifahamu, ni hii.

Iko katika E maina, yaani ngazi ya huzuni inayoanzia noti ya E, kii (ngazi ya msingi) ileile ya koncheto ya fidla ya Mendelssohn, na nadhani Böhme hakuichagua kwa bahati. Kama Mendelssohn, anaiunganisha sehemu ya pili na ya tatu kwa daraja fupi la allegretto (mwendo wa kasi kiasi), ili shangwe ya mwisho isije ghafla baada ya utulivu wa adagio religioso, sehemu ya polepole yenye hali ya ibada. Adagio hiyo ni sala. Mistari yake ni mirefu, pumzi lazima ipangwe mapema, na noti zinasogea kwa hatua ndogo katika sauti ya kati, yaani palepale ambapo tarumbeta la asili lilikuwa bubu. Kile ambacho Kail alikuwa akikithibitisha Prague, Böhme hahitaji tena kukithibitisha. Anakitumia kusema jambo lake. Sehemu ya kwanza ina ari ya kuigiza, na rondo ya mwisho, ambamo wimbo mkuu hurudi mara kwa mara, inacheza kwa ulimi mwepesi, lakini hata humo mbio zinatokana na wimbo.

Böhme aliandika kwa tarumbeta la A, lililokuwa la kawaida wakati huo. Leo karibu wote tunaipiga kwenye B-flati, tukisoma noti zilezile zilizoandikwa, na hivyo muziki unasikika katika F maina, nusu toni juu, huku mpiga piano akipewa karatasi nyingine. Vidole havibadiliki. Rangi ya sauti inabadilika, na mimi huona kwamba E maina ina kivuli fulani kinachoisaidia sehemu ya kwanza. Aliye na tarumbeta la A, au anayeweza kuhamisha kii kichwani, ajaribu kuipiga katika kii yake ya asili walau mara moja na okestra au piano.

Mtunzi huyo alipiga kwa miaka mingi katika okestra ya jumba la Mariinsky, akafundisha baada ya mapinduzi, kisha katika miaka ya 1930, kwa kuwa alikuwa na asili ya Kijerumani, alifukuzwa kupelekwa Orenburg, na huko akauawa mwaka 1938. Tunzi zake zilibaki kwa wanafunzi na kwa wachapishaji wa muziki, na zimerudi majukwaani kwa nguvu kuanzia nusu ya pili ya karne ya 20.

Kwa mpigaji anayetaka kuingia katika muziki huu, ningeshauri asianze na Böhme. Aanze na variesheni za Prague, azipige polepole, asikilize ni noti zipi kati ya hizo zisingewezekana miaka kumi na tano kabla hazijaandikwa, na azipe noti hizo uzito kidogo. Kisha achukue solo moja ya Dauverné, halafu Ponchielli, na adagio ya Böhme ndipo ifuate. Akifika hapo atakuwa na pumzi ya kuimaliza mistari yake bila kuikata.